Ndege nyuki haigongi muhuri Sirari: usije ukasema hukuambiwa

Leo tuongelee hizi ndege ndogo zisizo na rubani, tunazoziita ndege nyuki au droni tu. Zamani zilikuwa vitu vya jeshi na watu wa sinema. Siku hizi mpiga picha wa harusi anayo, na ndugu aliyerudi likizo kutoka ughaibuni anayo kwenye begi. Swali langu ni dogo tu: ukiirusha kwenye nchi isiyo yako, unazijua sheria zake?

Najua kuna atakayesema hayo ni mambo ya watalii. Mura, hebu subiri kwanza. Mtu wa Susuni hahitaji tiketi ya ndege kufika nchi ya watu. Kenya ni hapo tu. Mstari wenyewe Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886 huko kwao Ulaya, ukapita katikati ya Wakurya. Wengine wakabaki huku Tarime, wengine wakajikuta upande wa Isebania na Kehancha. Mpaka leo shangazi yuko kule, mpwa yuko huku, na harusi ya mmoja ni harusi ya wote.

Sasa tuseme kijana wa Susuni kapata tenda ya kupiga picha za harusi. Kasimama upande wa Tanzania, kairusha juu, picha inapendeza, anaisogeza mbele kidogo, halafu mbele kidogo tena. Droni nyingi za kawaida zinafika kilomita kadhaa. Dakika mbili tatu tu, kamera iko Kenya na mwenye rimoti yuko Tanzania. Hakupita Sirari, hakugonga muhuri, hata viatu havijavuka. Je, kakosa?

Kakosa, na kosa lenyewe ni la zamani kuliko hizo droni. Kuna Mkataba wa Chicago wa Desemba 1944, ambao ndio msingi wa sheria za usafiri wa anga karibu dunia nzima. Kifungu chake cha kwanza kinasema kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Kifungu cha nane kinasema ndege isiyo na rubani hairuhusiwi kuruka juu ya nchi mwanachama bila kibali maalum cha nchi hiyo. Kwa hiyo mpaka hauishii kwenye nguzo za saruji pale chini. Unapanda mpaka juu.

Haya, njoo kwenye sheria za nchi. Kwetu Tanzania kuna kanuni za mwaka 2018 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Wizara ya Ulinzi nayo ina sauti kwenye vibali. Ukitaka kurusha ndani ya Serengeti, TANAPA nao lazima wakuruhusu. Kenya walitoa kanuni mwaka 2017, Bunge lao likazifuta mwaka 2018, zikaja nyingine mwaka 2020. Kule kuingiza droni nchini kuna kibali chake, kuimiliki lazima isajiliwe, na kuirusha kuna masharti yake, mojawapo ni kutopita futi 400, yaani kama mita 120 hivi. Nyumbu wanatoka Serengeti wanaingia Maasai Mara kila mwaka bila kuulizwa na mtu. Wewe ukiwafuata na droni yako, unaweza kuwa umevunja sheria za nchi mbili kwa safari moja!

Kosa ninaloliona kwa ndugu zetu wanaotoka nje ni hili: wanabeba droni na sheria za kule walikotoka. Marekani, droni ya kujifurahisha iliyo chini ya gramu 250 haihitaji kusajiliwa. Basi mtu anatua Nairobi au KIA na kitu chake kidogo, anasema "hii haina shida, ni ya gramu 249". Haina shida wapi? Hiyo ni hesabu ya Marekani, haisafiri na begi lako. Na ile programu iliyoko kwenye simu inajua ramani, haijui vibali.

Wenzetu wameshalipa gharama ya kutouliza. Morocco inakamata droni za wasafiri pale pale forodhani. Misri ilipitisha sheria mwaka 2017 kwamba bila kibali cha Wizara ya Ulinzi hugusi kitu hicho. Mwaka huo huo, kule Myanmar, waandishi wawili wa kigeni pamoja na mkalimani na dereva wao walifungwa miezi miwili baada ya kukamatwa na droni karibu na Bunge. Mwaka 2019 wasafiri wawili wenye uraia wa Australia walishikiliwa miezi kadhaa Iran kwa sababu ya droni. Na ndugu zetu walioko Ghuba wanakumbuka Januari 2022: Abu Dhabi iliposhambuliwa na droni za Wahouthi, Falme za Kiarabu zikapiga marufuku droni zote za kujifurahisha, ingawa baadaye marufuku hiyo ilianza kulegezwa. Jana ruhusa, leo jela. Ndivyo sheria hizi zilivyo.

Serikali zinaogopa bure? Hapana, tuwe wakweli. Desemba 2018 uwanja wa Gatwick, London, ulifungwa kwa sababu watu waliripoti kuona droni, na safari zipatazo 1,000 zikavurugika. Kenya imeonja Westgate 2013 na Garissa 2015, huwezi kuwalaumu kwa kuangalia juu kwa wasiwasi. Na hapa kwetu? Tarime na Rorya zina kanda yake maalum ya polisi, na kila mtu anajua habari ya wizi wa ng'ombe wa kuvuka mpaka. Kitu chenye kamera kikizunguka juu ya boma la mtu jioni, mwenye ng'ombe hatauliza kama unapiga picha za harusi.

Lakini hapa ndipo na mimi nina neno kwa wakubwa. Sheria isiyojulikana inamfunga mwaminifu tu. Anayetaka kuchungulia ng'ombe wa watu hataomba kibali kwa mtu yeyote, atarusha usiku. Anayeacha droni kabatini ni yule kijana ambaye angejipatia riziki yake kwa halali. Kanuni zetu za 2018 ziliandikwa kwa Kiingereza, tena kile cha wanasheria. Mwaka 2021 tulibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria zetu. Basi na hizi zishuke hadi kijijini.

Na tusiseme Tanzania haipendi teknolojia hii. Zanzibar tangu 2016 imepigwa picha kutoka angani kwa droni ili kutengeneza ramani, na vijana wa chuo kikuu kule walishiriki. Mwaka 2018 droni zilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika kama 40. Uwezo tunao. Kinachokosekana ni mlango wa mtu mdogo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina chombo chake cha usalama wa anga, CASSOA, kilichoanzishwa mwaka 2007, makao yake Entebbe. Pale Sirari na Isebania dereva wa lori anahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili sehemu moja. Kama lori la tani 30 linawezekana, kwa nini kitu cha nusu kilo kisiwekewe fomu moja, kwa Kiswahili, kwa mtu wa mpakani?

Mpaka siku hiyo ifike, fanya hivi. Kabla hujabeba droni, iulize mamlaka ya anga ya nchi unayokwenda, na jibu ulipate kwa maandishi. Usimsikilize muuza duka. Ukifika forodhani itaje, usiifiche. Kaa mbali na kambi, migodi, viwanja vya ndege na hifadhi. Na wewe wa Susuni, kamera ielekeze kusini. Shangazi wa Isebania mfuate kwa miguu, mpige picha kwa simu, atafurahi vile vile.

Haya wadau, mnaonaje? Kuna aliyewahi kuomba kibali akakipata? Ilichukua muda gani? Tiririka hapo chini kabla muda wako wa kafe haujakatika.