Ndege za Mtoa na waliozibeba

Vita vya Ziwa Tanganyika vya mwaka 1915 na 1916 vinaposimuliwa, tunasikia habari za mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, na mkubwa wao Geoffrey Spicer-Simson. Ndege za Mtoa hazitajwi sana. Watu waliozifikisha huko hawatajwi kabisa.

Mashua hizo ziliteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, kisha Mimi ikashiriki kuzamisha Hedwig von Wissmann mwezi wa Februari. Ilibaki Graf von Götzen, meli kubwa ya Wajerumani kule Kigoma, na Spicer-Simson hakutaka kupambana nayo. Meli hiyo ikiwa bado inatembea, Wabelgiji hawangevusha askari kwa amani. Waingereza waliwaazima ndege nne za Short 827, zile zinazotua juu ya maji.

Ndege hizo hazikuruka mpaka ziwani. Zilishushwa Matadi vipande vipande. Kutoka hapo ikawa reli, mto, reli tena, mto tena, mpaka Kabalo, halafu njia ya reli iliyokuwa bado mpya kuelekea Kalemie ya leo. Kila mahali reli ilipokoma na mto kuanza, kulikuwa na mabawa, mashine, mabomu na mafuta ya kushusha na kupakia upya. Kazi hiyo ilikuwa ya Wakongomani, na katika vita vile mpagazi mara nyingi hakuulizwa kama anataka.

Juni 1916 ndege zikaanza kutupa mabomu Kigoma. (Wakati huo mzinga mkubwa wa Götzen ulikuwa umekwisha kung'olewa, upelekwe vitani nchi kavu.) Julai, Wajerumani wenyewe wakaizamisha meli yao na Wabelgiji wakaingia mjini. Meli iliinuliwa baadaye, nayo ndiyo Liemba tunayoijua.

Rubani ana nafasi yake katika vitabu. Mpagazi wa Kabalo hana, na wazee waliosikia habari zake kutoka kwa baba na babu zao wanazidi kupungua. Tunaiomba serikali ya jimbo la Tanganyika, pamoja na vyuo vikuu vya Kalemie, iwatume wanafunzi wa historia wakaandike masimulizi hayo mwaka huu. Si kazi ya bajeti kubwa. Inataka simu ya kurekodi sauti, daftari, na pikipiki ya kufika Mtoa.