Sulhu Nayo Ifundishwe Chuoni



Wewe unayesomea sheria, hebu jiulize: ni masaa mangapi umefundishwa kubishana mbele ya hakimu, na mangapi umefundishwa kukaa na familia mbili zilizogombana mpaka zielewane?

Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inataka korti zihimize maridhiano, upatanishi, usuluhishi na njia za kimila. Tangu 2016, kuanzia Milimani, kesi za familia na biashara hupelekwa kwa wapatanishi, na mapatano yakisajiliwa yana nguvu kama amri ya korti. Kwetu si jambo geni. An-Nisaa aya ya 35 inaelekeza mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwengine kutoka jamaa za mke.

Lakini tusidanganyane, si kila sulhu ni haki. Dada anaitwa kikao cha mirathi, baba zake wadogo wamejaa sebuleni, anaambiwa asivunje undugu. Anatia saini na kutoka bila fungu ambalo sharia yenyewe imempa. Kule Kaskazini Mashariki, maslaha imetumika hata mtoto aliponajisiwa: wazee wanahesabu ngamia, mtoto haulizwi. Hiyo nayo tuiite sulhu? Kifungu hicho hicho cha 159 kinakataza njia za kimila zinazovunja haki za kimsingi.

Halafu kuna ile kesi ya mauaji ya 2013. Mahakama Kuu Nairobi ilikubali iondolewe baada ya familia kulipana fidia kwa sharia ya Kiislamu na mila. Kwetu, jamaa wa marehemu wana haki ya kusamehe. Kwa serikali, mauaji ni kosa dhidi ya umma mzima. Nani ana haki ya kufunga faili? Hilo ni la kuchambuliwa darasani wiki nzima, si kutajwa kwa dakika mbili.

Tunataka somo la lazima, lenye mazoezi. Mwanafunzi akae vikaoni, aone nani ananyamaza na kwa nini, ajue kuandika mapatano, na ajue lini aseme "hii ipelekwe polisi." Kufundishwa usuluhishi wa mikataba ya mabilioni peke yake hakutatusaidia Kibokoni wala Eastleigh.

Kama chuoni kwenu somo hili ni la hiari au halipo kabisa, mwandikieni mkuu wa kitivo kabla muhula haujaisha, kisha mtutumie nakala. Akijibu, asijibu, tutaiweka hapa.