BOMET: KITI CHA NANI?

Eneo la uwakilishi bungeni la Bomet halipo tena. Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ulilikuta limekwisha kupasuliwa vipande viwili, Bomet Mashariki na Bomet ya Kati. Wapo walioshangilia kwamba Silibwet na Longisa sasa zimepata sauti mbili. Na ile sauti moja ya awali, ni lini wenyewe waliachiwa kuitumia?

Mwaka 1988 KANU ilikuwa chama pekee. Katika uteuzi wananchi walipangwa milolongo mchana kweupe nyuma ya wagombea, na aliyehesabiwa asilimia 70 alipita moja kwa moja pasipo kura ya siri. Ni uhuru gani huo, ikiwa chifu amesimama kando akikuangalia mgongo?

Desemba 1991 vyama vingi vikaruhusiwa. Hata hivyo Kericho na Bomet zilihesabiwa kuwa milki ya KANU, mpinzani asikanyage. Katika uchaguzi wa 1992 zaidi ya wagombea 15 wa KANU walipita bila kupingwa, wengi wao katika Bonde la Ufa, na baadhi ya wapinzani walizuiwa kwa nguvu wasiwasilishe karatasi zao.

Kisha ikaja siasa ya matanga. Baada ya kifo cha Isaac Salat, kiti kilimwendea Kipkalya Kones. Mwaka 2002 Nick, mwana wa Salat, akamng'oa Kones. Kones akarejea 2007, akafariki katika ajali ya ndege tarehe 10 Juni 2008, na Septemba mjane wake, Beatrice, akachaguliwa. Siku hiyohiyo, katika eneo jirani la Sotik, kiti cha marehemu Lorna Laboso kilimwendea dada yake, Joyce. Hatuwalaumu akina mama hao. Waligombea kwa haki yao na kura zikapigwa. Tunavilaumu vyama, ambavyo msiba ukitokea huihesabu tiketi kuwa sehemu ya mirathi.

Palipo na chama kimoja chenye nguvu, mteule wa chama ndiye mbunge, na siku ya kura hubaki sherehe tu. Basi kulipasua eneo, kama uteuzi haukuguswa, ni kuongeza tiketi za kugawa. Tunadai kila uteuzi wa chama usimamiwe na Tume ya Uchaguzi, kwa kura ya siri, na matokeo yabandikwe mlangoni pa kituo kabla sanduku halijaondolewa.