Sunburst Haikustahili Kusahauliwa: Majibu ya Hoja Nne

Mwaka 1976 bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilitoa albamu ya Ave Africa. Haikuvuma, na muda si mrefu bendi yenyewe ikasambaratika. Miaka 40 baadaye, mwaka 2016, kampuni ya Strut iliitoa upya ng'ambo pamoja na rekodi nyingine za bendi hiyo za tangu 1973, na wapenzi wa muziki wa huko wakaipokea kwa shangwe. Huku kwetu, kuanzia Kilwa hadi Lindi, wapo wanaoona hilo si jambo la kushughulisha. Nazijibu hoja zao moja baada ya nyingine.

"Roki ni muziki wa Wazungu."
Gitaa la umeme lilitoka nje, sikatai. Lakini walioshika vyombo ni Hembi Flory Kongo kutoka Zaire kwenye gitaa, Bashir Idi Farhan kwenye besi, Johnny Rocks kwenye ngoma na Kassim Magati kwenye kinanda, huku James Mpungo akiimba. Walichanganya roki, soul na midundo ya nyumbani, mtindo wakauita Kitoto. Wimbo wao mmoja unaitwa "Enzi za Utumwani". Mtu wa Kilwa Kivinje, bandari iliyopokea misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa, haambiwi kwamba hayo ni ya Wazungu. Na waliojenga Kilwa Kisiwani na Songo Mnara walipamba majengo yao kwa bakuli za Uchina, lakini hakuna anayeyaita magofu yale ya Kichina.

"Ingekuwa nzuri, ingevuma wakati ule."
Kuvuma kulitaka njia, na njia zilikuwa finyu. Novemba 1969 serikali ya mkoa ilipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, hivyo vijana waliopiga kitu chenye harufu ya ugenini walitazamwa kwa jicho la shaka. Redio ya Tanzania Bara ilikuwa moja tu, ya taifa. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Kazi hiyo ilitegemea Nairobi, na Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Zaidi ya hayo, nyumba ngapi za Pwani ya Kusini zilikuwa na gramafoni? Albamu isiyomfikia msikilizaji haijakataliwa, haijasikika.

"Wazungu ndio waliouokoa muziki huo."
Strut wanastahili shukrani. Lakini sehemu ya rekodi walizozitoa ilirekodiwa na Radio Tanzania, kwa kazi ya mafundi wa hapa hapa. Watanzania wengine, kama mwanamuziki John Kitime, wamepigania kwa miaka mingi urithi wa kanda za redio hiyo. Majirani zetu Zambia wametuonyesha inavyowezekana: WITCH, bendi ya roki ya miaka ya 1970, ilirudi jukwaani ikiongozwa na mwimbaji wake wa zamani, Emanuel "Jagari" Chanda, na mwaka 2023 ikatoa albamu mpya, Zango. Huko mwenye mali alikuwepo mwenyewe kwenye ufufuo wake.

"Sisi watu wa Kusini hayatuhusu."
Hii ndiyo hoja inayoniuma zaidi. Enzi zile baadhi ya bendi za Dar es Salaam zilibeba majina ya kwao: Western Jazz ilikuwa ya watu wa Jimbo la Magharibi, na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilitangaza pwani hii katika kumbi za jiji. Kilichoipata Sunburst kinaweza kuipata Kilwa Jazz pia: nyimbo zipo, wenye kuzijua wanazeeka, na kanda zinaliwa na unyevu. Tukisubiri mgeni aje atuambie kwamba zina thamani, tutakuwa wanunuzi wa mali yetu wenyewe.

Kwa hiyo nina ombi. Kama nyumbani kwenu Kivinje, Masoko, Mchinga au Lindi mjini kuna santuri au kaseti ya zamani, usiitupe, wala usimpe mpita njia kabla haijanakiliwa. Muulize babu au bibi nani alipiga gitaa na nani aliimba, kisha uandike majina. Kama ni kazi ya mtu wa ukoo wenu, nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania: Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Fanyeni hivyo sasa, wakati wanaokumbuka bado wapo.