Kurudi Bujora Mara ya Pili

Ziara ya wanafunzi katika makumbusho aghalabu huwa moja tu. Basi hufika, kiongozi hueleza, madaftari hujazwa, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Katika maabara mwalimu hakubali kipimo kimoja. Haieleweki kwa nini akikubali mbele ya kazi ya sanaa. Hata Geita, mwamba uliochorongwa ardhini kutafuta dhahabu hauangaliwi mara moja na kutupwa. Vipande vyake huwekwa masandukuni, ili mwanajiolojia arudi kuvichunguza.

Huko Bujora, Kisesa, karibu na mji wa Mwanza, yapo Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Mgeni wa mara ya kwanza huona nyumba tu. Akirudi, akiwa amekwisha kuvizoea viti vyenyewe, ndipo hutambua kwamba alikuwa ameingia ndani ya kiti.

Habari ya Bayeye, wajuzi wa nyoka na dawa za sumu yake, ni nzito zaidi. Kuta za ndani za nyumba zao za mafunzo zilichorwa picha, na mwaka 1953 Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alizitolea kitabu. Ukuta wa udongo haudumu: mvua hupenya paa, mchwa hula fito, nayo rangi humomonyoka pamoja na udongo wake. Kwa hiyo atakaye kuzitazama tena picha zile hana budi kutegemea nakala, yaani jicho la mtu mwingine. Na nakala haipatikani kwa kutupa jicho mara moja. Mwenye kunakili hurudi kwenye mstari uleule mara nyingi.

Yatasemwa kwamba fedha za safari ya pili hazipo. Ni kweli, ijapokuwa Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea watu wa Geita adha ya kungoja kivuko. Basi kama safari ni moja, heri darasa litazame vitu vitano kuliko hamsini. Kila mwanafunzi achague ngoma au kiti kimoja, akichore asubuhi, aufunike mchoro huo, kisha akichore upya alasiri. Mwalimu aanze kusahihisha kwa mistari iliyomo katika mchoro wa pili na haimo katika ule wa kwanza.