NAMBA YA SIRI SI YA KUGAWANA

Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na huduma nyingine za namna hiyo zikafuata, jasho la mfanyakazi limehamia ndani ya simu. Mkata mkonge wa Muheza, kuli wa bandari ya Tanga na mvuvi wa Pangani, wote leo hupokea na kutuma fedha kwa vidole. Hayo ni maendeleo, nasi twayafurahia. Lakini iko desturi moja itusikitishayo, nayo yaonekana kila siku penye miavuli ya mawakala pale Ngamiani. Mzee hufika, humkabidhi kijana wa wakala simu yake, kisha huitaja namba yake ya siri kwa sauti mbele ya watu wote, kana kwamba anaagiza chai.

Wazee waliokata mkonge zamani za ukoloni walikijua kipande. Kila siku ya kazi iliandikwa humo, na siku 30 zilipotimia ndipo mtu alipolipwa. Hakuna aliyekiacha kipande chake mkononi mwa mpita njia. Namba ya siri ndiyo kipande cha leo, tena yashika zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja.

Twaijua sababu. Pwani yetu ni ya watu wa heshima, na kumficha ndugu jambo huonekana kuwa ni kumdharau. Mpwa akisema, “Mjomba, nitajie namba nikutolee hela,” mjomba huona haya kukataa. Twasema wazi kwamba haya hiyo haina mahali pake hapa. Mwanachama apigapo kura humficha karatasi yake hata mkewe, wala mkewe hanuni.

Wengine huificha namba yao, lakini huichagua vibaya. Tarakimu nne zaweza kupangwa kwa namna 10,000, na simu hujifunga mtu akikosea mara chache tu. Kwa hiyo mwizi hana nafasi ya kubahatisha sana. Sisi wenyewe ndio tumpao nafasi hiyo tuchaguapo 1234, au mwaka wa kuzaliwa. Namba ya kitambulisho cha Taifa huanza na mwaka huo huo wa kuzaliwa, na aliyeiba mkoba wenye simu na kitambulisho ameshapata vyote viwili. Wako pia wanachama wanaoweka 1961 au 1977. Kuipenda nchi na Chama ni jambo jema, ila mwizi naye alisoma historia hiyo hiyo.

Kwa barua pepe na kurasa za Facebook mambo ni mengine, kwani huko anayebahatisha aweza kuwa ni mashine isiyochoka. Neno fupi halifai, wala methali ijulikanayo na kila mtu. Yafaa maneno manne au matano yasiyohusiana, mathalani mkonge, kiatu, mvua na sufuria. Ila haya tumekwisha kuyachapa, basi kila mtu atafute yake. Tena kila mahali pawe na neno lake, maana likiibwa moja, wezi hulijaribu kwingine kote. Asiyeweza kuyakumbuka yote na ayaandike katika daftari, alifungie sandukuni nyumbani. Ni afadhali hivyo kuliko ufunguo mmoja kwa milango yote.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na ujumbe wa matapeli wale wa “ile hela tuma kwenye namba hii” hupelekwa 15040. Lakini sheria humfuata mwizi akiwa amekwisha kuondoka na fedha.

Kampuni za simu nazo hatuziachi. Hukata ada katika kila shilingi itolewayo, basi ni haki ya mfanyakazi kwamba ziwaamuru mawakala wao wakatae kumbonyezea mteja namba yake, hata akiwaomba. Na kwa wazee wasiojua kusoma, twayataka matawi yetu ya Tanga, Mkinga, Muheza na Pangani yatenge nusu saa katika mkutano ujao, vijana wawafundishe wazee mahali pa kubonyeza, kisha vijana hao wageuze nyuso zao pembeni mzee aingizapo namba yake mpya.