Makabati ya vitabu yafunguliwe likizoni

Kila mwaka, kaskazi ishikapo na skuli zetu kufungwa kwa likizo ndefu, kuna kazi moja ambayo walimu wakuu wengi wa Unguja na Pemba huitimiza bila ya kukumbushwa: kuvihesabu vitabu, kuvipanga makabatini na kutia kufuli. Wanafunzi huenda zao majumbani mikono mitupu. Wiki zote hizo vitabu hukaa gizani pamoja na mende, na watoto hukaa nje bila ya vitabu. Sisi tunaona kuwa desturi hii haina maslahi kwa yeyote, na tunaiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iiondoshe kabla ya likizo ijayo.

Tunawasemea hasa wanafunzi wa madarasa ya kati, yaani kuanzia darasa la tano hadi kidato cha pili. Mdogo wao wa darasa la kwanza bado husomewa na kusimamiwa. Kaka yao wa kidato cha nne husukumwa na mtihani. Huyu wa katikati ameshajua kusoma, lakini aghalabu hajaonja ladha ya kusoma kwa hiari yake mwenyewe, na asipoionja katika umri huu ni shida kuionja tena. Isitoshe, Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilielekeza kuwa hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto asiyesoma kwa wepesi lugha ya nyumbani kwao, hiyo ya pili ataibeba kama gunia.

Hasara ya likizo si dhana yetu. Mwaka 1978 mtaalamu wa elimu ya jamii, Barbara Heyns, alitoa kitabu juu ya wanafunzi wa darasa la sita na la saba katika mji wa Atlanta, Marekani, akilinganisha waliyojifunza skuli zikiwa wazi na zikiwa zimefungwa. Alikuta kuwa pengo baina ya watoto wa wenye nacho na watoto wa wanyonge hupanuka zaidi wakati wa likizo ya kiangazi, na kuwa wale waliosoma vitabu likizoni walinufaika, wawe wa tajiri au wa maskini. Maktaba ya umma ndiyo iliyowafaa kuliko taasisi nyengine yoyote, ila aliyekaa mbali nayo aliitumia kidogo. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walipitia tafiti 39 za namna hiyo, wakaona kuwa mwanafunzi kwa wastani hurudi skuli akiwa nyuma kiasi cha mwezi mmoja wa masomo. Likizo ya Wamarekani ni ndefu kuliko yetu, wala hatudai kuwa hesabu zao ni zetu. Lakini hilo la umbali ni letu hasa.

Shirika la Huduma za Maktaba lina maktaba Maisara, mjini Unguja, na Chake Chake, Pemba. Mtoto wa Kikwajuni huenda Maisara kwa miguu. Wa Nungwi au Makunduchi atahitaji nauli ya kwenda na kurudi, na mzazi anayenunua unga kwa kupimiwa hatatoa nauli kwa ajili ya hadithi. Wa Tumbatu au Kisiwa Panza itambidi avuke bahari kwanza. Kwa watoto hawa maktaba iliyo karibu ni moja tu, nayo ni lile kabati lililofungwa.

Tunalijua jawabu litakalotolewa: vitabu vitapotea. Ndiyo, vitapotea. Vyengine vitarudi bila ya jalada, vyengine vimeloa mvua. Lakini na tuitazame hesabu yenyewe. Kitabu kikiliwa na mchwa ndani ya kabati, hapana anayeulizwa. Kikipotea mkononi mwa mtoto aliyekuwa akikisoma, mwalimu hutakiwa maelezo. Maadamu hali ni hiyo, mwalimu mwenye busara atatia kufuli, nasi hatumlaumu. Wizara ndiyo yenye uwezo wa kumtoa hofu, kwa kutangaza rasmi kuwa kitabu kimoja katika kila kumi kikipotea likizoni kitahesabiwa kuwa kimetumika, kama inavyohesabiwa chaki.

Mpango wenyewe hauhitaji wafadhili wala semina. Kila mwanafunzi achukue vitabu vitatu siku ya kufunga skuli. Asubuhi moja kila wiki mwalimu mmoja afungue mlango ili watoto wabadilishane, naye apewe posho yake, kwani si haki kumtumikisha bure katika mapumziko yake. Masheha wawaarifu wazazi. Na tunasisitiza kuwa jambo hili lisigeuzwe tuisheni. Pasiwe na maswali kumi mwishoni mwa kila sura. Mtoto asome, kisha jioni amsimulie bibi yake alichokisoma. Bibi naye huenda akamjibu kwa ngano yake, na hiyo iandikwe katika daftari iletwe skuli.

Tusijidanganye kuwa watoto wetu hukaa bure likizoni. Wapo wanaochuma karafuu, wapo wanaowasaidia mama zao mwani huko Paje na Jambiani, na wengi huhudhuria chuoni. Mtoto wa kike ndiye mwenye nafasi ndogo zaidi, kwa kuwa kila chombo kilichochafuka humngojea yeye. Tunawaomba wazazi wamwachie saa moja tu kwa siku.

Vya kusoma havikosekani. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alitupa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, na mtoto wa miaka kumi na mitatu akishamfuata Bwana Msa na kiko chake hatokiweka chini kitabu hicho. Adam Shafi aliandika *Kuli* mwaka 1979, juu ya mgomo wa mwaka 1948 wa makuli wa bandari yetu. Mwaka 2021 tulishangilia sote Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa visiwa hivi, alipopewa Tuzo ya Nobeli. Baadhi ya watoto walioshangilia nasi siku hiyo hawakuwa na kitabu hata kimoja cha hadithi nyumbani mwao.

Waraka tunaouomba ni wa ukurasa mmoja. Ukiandikwa mapema utafika Micheweni na Kizimkazi kabla ya kufuli kutiwa.